Tavat na Chumvi ya Siku ya Kumi

Siku tuliyomzika Bibi Tavat, bwana mmoja aliyetumwa kutoka wilayani alisimama uani kwake mbele ya jeneza akasoma karatasi. Alisema marehemu alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, malaika wa nguo nyeupe. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, na damu ilinipanda mpaka masikioni. Mpole! Bwana huyo hajawahi kukoromewa na Tavat. Hajawahi kuvuliwa kofia na Tavat mbele za watu na kuulizwa, "Chawa hawa unawafuga ili iweje?" Mtu akikaa na hasira yake miaka arobaini, akaifanyia kazi kila siku, basi azikwe nayo. Wao walimvua hasira yake kwanza, ndipo wakamzika.

Kwa hiyo naandika mimi. Shule yangu haikuwa ndefu, lakini nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, na yaliyotokea ndani ya nyumba yetu niliyaona kwa macho yangu.

Baba yake Tavat alikuwa mchimba chumvi. Hapa kwetu Nakhchivan, kijiji chetu kimekaa chini ya mlima wa chumvi, na hakuna nyumba isiyokuwa na mtu aliyewahi kuingia humo na sururu. Tunaapa kwa chumvi. Mgeni akishaila chumvi yetu hatumgusi. Na mtoto akizaliwa, siku ya kumi anavuliwa nguo, anapakwa chumvi iliyosagwa mwili mzima, shingoni, kwapani, mapajani, kisha anaviringishwa kitambaa na kuachwa hivyo kwa saa kadhaa kabla ya kuoshwa. Wanasema ngozi inakomaa, jasho halitanuka, na akikua atakuwa mtu mwenye haya. Mtu mzima akifanya upuuzi huulizwa, "Wewe kwenu hawakukutia chumvi?" Chumvi yenyewe hainunuliwi. Babu mzaa baba anaifuata mlimani kwa miguu yake, na anaitwanga kwa mkono wake.

Tavat naye alitiwa chumvi akapona. Watoto wengi hupona. Hapo ndipo penye ubaya, kwa sababu wale wasiopona wanatafutiwa sababu nyingine.

Alipofika miaka kumi na minane alikwenda mjini kusomea uuguzi, msichana wa kwanza kutoka vijiji vyote vya upande wetu wa mto. Wazee walimwendea baba yake kwa pamoja.

"Binti yako atashika wanaume wasio na undugu naye."

"Mimi nashika sururu isiyo na undugu nami," akawajibu, "na watoto wanakula."

Akamaliza masomo, akachumbiwa na mwalimu wa kijiji cha jirani, akavaa pete. Kisha vita ikaja na jina lake likaitwa pamoja na ya wanaume. Walimpeleka Kerch, mahali ambapo vijana wetu walikwenda wengi wakarudi wachache. Huko dawa zilikwisha upesi. Daktari mkuu wao, mwanamke mrefu kutoka kaskazini, aliwafundisha wauguzi kuchemsha maji, kutia chumvi kwa kipimo, kuloweka kitambaa na kukibandika kwenye kidonda ili chumvi ivute usaha. Tavat aliniambia alicheka siku ile. Amekimbia chumvi ya baba yake, chumvi imemfuata vitani.

Ila aliiona ilivyofanya. Iliokoa miguu ya watu, hilo hakulikataa. Lakini askari walikuwa wakiuma mikanda yao, na pale kitambaa kilipokaa, nyama ya pembeni ilikunjamana na kuwa nyeupe kama ya samaki. Kipimo kikizidi kidogo tu, chumvi ilinyonya maji ya nyama nzima.

"Nikatoka nje nikatapika," aliniambia. "Wenzangu wakadhani ni harufu. Mimi nilikuwa nawaona watoto wa kwetu."

Alirudi kijijini na nishani nne na sikio moja lisilosikia. Wiki ya pili mama wa mchumba wake alikuja mchana kweupe, akanywa chai glasi mbili, akaomba pete irudishwe.

"Mwanangu hawezi kuishi na mikono iliyoshika wanaume elfu moja."

"Elfu moja?" Tavat akasema, huku anaivua. "Umenipunja, mama. Walizidi."

Hakuolewa tena. Akapewa chumba kimoja cha matibabu pale karibu na shule, akakaa humo miaka thelathini. Alichoma sindano, aling'oa meno, alizalisha. Na kila aliposikia kuna mtoto mchanga, alikwenda mpaka mlangoni kusema: msimtie chumvi. Nyumba zote zilimkaribisha. Walimwekea chai na jamu ya aprikoti, wakazisifu nishani zake, wakaitikia "ndiyo, dada Tavat, ndiyo," na wakati huo huo beseni limefichwa chini ya kitanda. Akitoka tu, linavutwa. Kila tarehe tisa ya Mei, sikukuu ya ushindi wa vita, walimkalisha kiti cha mbele shuleni na kumjazia maua mekundu mapajani. Alikaa pale uso umekunjamana kama anayetafuna kitunguu kibichi. Alikuwa anajua majina ya watoto kumi na mmoja waliokufa kwa chumvi. Ukimwudhi sana anakutajia yote, mmoja mmoja, na jina la nyumba.

Mimi niliolewa katika nyumba ya Museyib. Baba mkwe huyu alikuwa ameingia vitani kijana na kurudi anachechemea, na kila mtu alijua kisa chake: alipigwa paja huko Kerch, akabebwa mgongoni na rafiki yake Mjojia, askari wa Kijojia wa miraba minne, mpaka mahali pa salama. Nilikisikia kisa hicho siku ya harusi yangu, na karamu zote zilizofuata. Mjojia alikuwa anazidi kunenepa kila mwaka.

Mama mkwe wangu, Sayad, alikuwa mwanamke wa kazi, mikono haitulii. Mume wangu Vidadi aliendesha lori, mtu mzuri, ila mbele ya mama yake alikuwa na miaka saba. Na mimi nilikuwa sisemi. Ndivyo nyumba za zamani zilivyo huku: mke wa mwana hafungui mdomo mbele ya baba mkwe mpaka siku atakapompa zawadi na kumruhusu kusema. Wengine husubiri wiki moja. Museyib alikuwa bado hajakumbuka baada ya mwaka na nusu. Nilimmiminia chai, nilimnawisha mikono, ncha ya mtandio imeziba mdomo wangu, na akitaka kujua nina nini anamwuliza mkewe mbele yangu, "Huyu anaumwa?"

Nilipokuwa na mimba ya miezi minane, Tavat aliniita juu ya ukuta. Nilikuwa naanika sufu ya magodoro.

"Wee binti! Wamekuambia kuhusu chumvi?"

"Kwetu pia wanatia, Bibi. Kidogo tu."

"Kidogo!" Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, maana kwa sikio lile hakusikia sauti yake ilivyo kali. "Ngozi ya mtoto wa siku kumi unaijua? Ni kama utando wa maziwa. Chumvi inapita. Inaingia ndani, inanyonya maji ya mwili wake, ulimi unakuwa mkavu, analia bila machozi, halafu anatetemeka, halafu basi. Na wewe utaambiwa kuna mtu alimtazama kwa jicho baya."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Lia leo. Siku ile usilie, sema. Ukinyamaza umekubali."

Nilijifungua msichana, tukamwita Solmaz. Alikuwa mdogo, kilo mbili na nusu, na kwenye kisogo alikuwa na nywele laini zilizojikunja kama za mwanakondoo. Usiku nilikuwa namnusa tu. Siku ya tisa nilimshika Vidadi mkono.

"Zungumza na mama. Mtoto ni mdogo mno."

"Mimi nilitiwa, niko hapa."

"Vidadi, naogopa."

"Usiniweke kati yako na mama, tafadhali," akasema, akachukua funguo za lori. "Kesho nina mzigo wa Baku." Alikuwa hana mzigo wowote wa Baku. Alikwenda kujificha.

Asubuhi ya siku ya kumi nilisikia kinu. Museyib alikuwa amekwenda mlimani tangu alfajiri, amerudi na bonge la chumvi la rangi ya waridi, akaketi kwenye ngazi kulitwanga mwenyewe. Wanawake wanne wa ukoo walikuwa wamefika, uji wa unga na siagi ulikuwa mezani, wanacheka, wananiambia nile niongeze maziwa. Sayad akaweka beseni, akatandaza kitambaa, akaanza kumvua mwanangu nguo. Museyib akaingia, akaliweka bakuli la chumvi kwenye zulia kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka mkate, akatoka kukaa barazani.

Nilikuwa nimesema mbele ya kioo siku nne mfululizo: mama, naomba tusimtie. Nikafungua mdomo. Haikutoka hata pumzi.

Mlango ukafunguliwa. Tavat aliingia na viatu vyake miguuni, vimejaa tope, akakanyaga zulia moja kwa moja hadi katikati. Wanawake waliguna wote kwa pamoja. Nyumbani kwetu hata mtoto wa miaka miwili haingii na viatu.

"Kinu kinasikika mpaka kwangu," alisema. "Mvishe huyo mtoto."

"Dada Tavat, karibu," Sayad akasema, anatabasamu kwa meno tu. "Vua viatu, kaa, chai iko tayari."

"Chai yenu nimekunywa miaka thelathini. Imenitosha mpaka kaburini. Mvishe mtoto."

"Hatutamtia nyingi. Tunapitisha tu, kwa desturi."

"Mlisema hivyo kwa Rafiga?"

Uji ulikuwa unatoa moshi. Hakuna aliyeugusa. Rafiga nilikuwa nimelisikia jina hilo mara moja tu, kwa kunong'onezwa: mtoto wa kwanza wa Sayad, kabla ya Vidadi, aliyekufa akiwa na siku kumi na nne.

"Rafiga alipigwa jicho," Sayad akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Yule mke wa mfua vyuma alikuja akamsifu kope zake. Kila mtu anajua."

"Rafiga alikauka. Mliniita siku ya nne, mmechelewa. Nilimfungua midomo, ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi ya kiatu. Nilikuambia siku ile ile, Sayad. Ukaniambia niondoke nyumbani kwako."

"Uongo!" Sayad aliinuka, mkono wake mmoja umejaa chumvi. "Wewe umejuaje mambo ya watoto? Umezaa wewe? Mtu asiye na mume wala mtoto, unaingia nyumba za watu na tope lako kuwafundisha! Vidadi nilimtia. Dada zake wawili nimewatia. Wote wako kama ng'ombe! Kama chumvi inaua, mbona hawakufa?"

Nikamwelewa pale. Aliwatia chumvi watoto wake wote watatu waliofuata, na kila aliyepona alikuwa ushahidi kwamba yeye hakumuua wa kwanza. Sasa mwanangu alikuwa anatakiwa kuwa shahidi wa nne. Hasira niliyoipata sikuwahi kuijua mwilini mwangu. Maziwa yalinitoka yenyewe, gauni likalowa.

Kelele zilimwita Museyib. Alisimama mlangoni, fimbo mkononi.

"Kuna nini? Tavat, toka ndani ya nyumba yangu na viatu vyako."

"Afadhali umekuja," Tavat akasema. "Wewe unaijua chumvi kuliko wote humu. Waambie inafanya nini kwenye mwili."

"Sijui unasema nini."

"Hujui! Siku tisa nilikubadilishia kitambaa cha chumvi kwenye paja hilo. Kila siku uliniita mama. Siku ya tatu uliniomba nikupige risasi. Waambie!"

"Umezeeka," Museyib akasema. "Umechanganyikiwa. Mimi nilibebwa na..."

"Na Mjojia! Huyo Mjojia ni mimi, bwana wewe. Nilikukokota juu ya koti la mvua, ukaniambia nisikuguse, watu watasemaje. Nikakupiga kofi, ukanyamaza, ndipo nikaweza kukufunga. Kwa mtandio wangu." Aligonga zulia kwa kiatu chake chenye tope. "Na walipokuja kuchukua pete yangu, wewe ulikuwa nyumba ya chai, umekaa na babake yule mwalimu, mnacheza karata. Neno moja lingetosha. Kwamba huyu dada alinishika ili nisife. Neno moja, Museyib! Sikuja kulidai. Limeoza, likae na wewe. Leo nataka jingine. Sema wasimtie huyu mtoto."

Wanawake walikuwa wanatazama zulia. Museyib alitazama dirisha. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni, na niliona kidole chake kinasugua paja, juu ya suruali, pale pale. Nilisubiri aseme. Wallahi nilisubiri, na nilimhesabia pumzi.

"Haya ni mambo ya wanawake," akasema.

Hapo mtandio wangu ulishuka wenyewe au niliushusha, sijui. Nilipiga magoti mbele ya beseni, nikamchukua mwanangu akiwa uchi, nikamweka ndani ya gauni langu, kifua kwa kifua.

"Baba," nikasema. Ilikuwa sauti nzito, si yangu. "Mtoto huyu hatiwi chumvi."

Alinigeukia kana kwamba kabati limezungumza.

"Nani amekuruhusu kusema?"

"Hakuna. Wewe umemkalia kimya aliyekuokoa uhai, usiniambie mimi lini niseme. Atakayemtia chumvi aanze na mimi. Leta bakuli, nipakeni mwili mzima, nilale nayo mpaka kesho, tuone!"

Mmoja wa shangazi alisema "Astaghfirullah." Mwingine alianza kucheka kwa woga, akajiziba. Museyib aliinua fimbo, si kunipiga, sidhani, alikuwa hajui aifanye nini. Kisha akageuka, akashuka ngazi, nikasikia mguu wake mzima na mguu wake mbovu mpaka getini. Mpaka leo hajasema lile neno. Tumemzika Tavat, yeye alishika jeneza upande wa mbele, watu wakamsifu kwa heshima yake, na bado hajalisema. Namimina chai yake kila siku. Namwangalia machoni ninapoimimina.

Shangazi wale walitoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja amekumbuka kitu jikoni kwake. Sayad alikuwa bado amesimama na chumvi kwenye ngumi. Ilikuwa inadondoka kidogo kidogo kwenye zulia.

"Nikikubali leo," akasema, "basi mimi nilifanya nini?"

Nilitegemea Tavat atamhurumia. Hakumhurumia, au huruma yake ilikuwa na sura hiyo.

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Mama mkwe wako ndiye aliyekuletea beseni, na baba mkwe ndiye aliyetwanga. Hukuulizwa. Lakini leo unakaribia hamsini, Sayad, beseni umelileta wewe, na mimi nimekuambia."

Sayad alifungua ngumi. Chumvi yote ikaanguka bakulini. Alitazama kiganja chake, kilikuwa chekundu, chumvi imeingia kwenye mikwaruzo ya jembe. Akakaa chini taratibu.

"Aliumia?" akauliza. "Niambie kweli. Rafiga aliumia?"

Nilimkazia Bibi Tavat macho. Nilimwomba kwa macho aseme hapana. Hapana ni neno jepesi, na hakuna ambaye angejua. Tavat aliinama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviweka nje ya zulia.

"Aliumia," akasema. "Siku mbili. Ya tatu hakuwa anajua tena."

Sayad aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa njia na ameielewa. Hakulia pale, alilia baadaye, wiki nzima, akiwa jikoni. Aliniomba mtoto. Nilikataa kwanza, nikambana Solmaz mpaka akaguna. Kisha nikaona mikono yake, ameinyoosha mitupu, viganja juu, nikampa.

Akamlaza kwenye kitambaa, akamwaga maji yaliyokuwa ndani ya beseni, akaleta mengine ya vuguvugu kutoka jikoni, akayajaribu kwa kiwiko mara tatu. Alianza kumwogesha, lakini mtoto akateleza kidogo mikononi mwake.

"Shika kichwa," akamwambia Tavat bila kumtazama. "Mimi siwezi peke yangu."

Tavat akakunja mikono ya blauzi, akapiga magoti upande wa pili wa beseni. "Siyo hivyo," akafoka, "maji yanamwingia sikioni, mwinue! Wee mwanamke, watoto watatu umelea vipi?"

"Nyamaza wewe, ushike," Sayad akasema.